Kikohozi Kisicho TB: Viungo na Kifua Katika Faili Moja

Mtu mzima akifika zahanati yoyote ya Kaunti ya Kilifi na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, swali la kwanza linahusu kifua kikuu. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Uchunguzi wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini Kenya, 558 walikuwa na TB ya mapafu iliyothibitishwa na maabara, na kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hao ilikuwa haijagunduliwa na mfumo wa afya. Mhudumu anayeruka swali hilo anamhatarisha mgonjwa, jamaa zake na majirani.

Ugumu unaanzia kwenye swali la pili. Makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert na hayana TB, virusi vya Ukimwi havipo, antibiotiki zimemezwa zikaisha, na kikohozi kingali palepale. Hapo njia huanza kupotea. Mgonjwa huambiwa ana pumu, au ni moshi, au ni kifua tu, akarudi nyumbani. Miongoni mwa wanaorudi hivyo wamo ambao mapafu yao yanashambuliwa na kinga ya miili yao wenyewe. Wana lupasi, baridi yabisi ya rumatoidi, skleroderma, au magonjwa mengine ya jamii hiyo, na bado hakuna aliyewaambia.

Tuchukue mfano wa mama karanga wa Ngomeni, kijiji cha pwani ya kaunti hiyo, yule anayenunua samaki wadogo mashua zinapotua, akawakaanga na kuwauza. Ana miaka arobaini na kitu. Asubuhi vidole vyake vimevimba na havikunjiki mpaka jua lipande. Tangu mwaka jana ana kikohozi kikavu, na siku hizi akitoka ufukweni na ndoo kichwani husimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Maelezo ya hali yake yapo tele kijijini: moshi wa kuni, TB, upepo wa bahari, umri. Vidole amevitafutia dawa ya maumivu dukani Gongoni. Kifua amekipeleka zahanati. Anayemuuzia dawa hajui kwamba anakohoa, na aliyempima kifua hakuwahi kuviangalia vidole.

Mama huyo ni wa kubuni, lakini mkondo anaopitia ni wa kweli, na ndio msingi wa hoja ya makala haya. CT skeni iko mbali na Ngomeni, na bingwa wa magonjwa ya viungo yuko mbali zaidi. Hata hivyo hasara ya kwanza hutokea kabla ya umbali huo kuingia katika hesabu, pale viungo na kifua vinaposomwa kama habari mbili zisizohusiana. Kuviunganisha hakuhitaji mashine.

Kinga inapokosea adui

Kazi ya mfumo wa kinga ni kutambua kilicho cha mwili na kisicho chake. Ukikosea, hutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za mwenyewe, na mapafu ni shabaha rahisi. Yamejaa mishipa midogo ya damu, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kiasi kwamba uvimbe kidogo tu huzuia oksijeni kupita. Uvimbe huo ukidumu, nafasi yake huchukuliwa na kovu, na kovu la mapafu halifutiki. Ndiyo maana muda una thamani kubwa katika magonjwa haya: uvimbe hutibika, kovu huzuiwa tu lisienee.

Kila ugonjwa una tabia yake. Baridi yabisi ya rumatoidi hujulikana kwa viungo, lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata kovu la mapafu linaloonekana wazi kwa dalili, hasa wazee, wanaume na wavutaji sigara. Baadhi yao hukohoa kabla viungo havijaanza kuuma. Skleroderma hukaza ngozi ya vidole na uso. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wake huonyesha athari za mapafu kwenye CT skeni, na takriban mmoja kati ya kumi hupata shinikizo la juu katika mishipa ya damu inayoenda mapafuni. Athari hizo mbili ndizo zinazoongoza katika kuua wenye skleroderma.

Lupasi, ambayo takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, hupenda utando unaozunguka mapafu. Mgonjwa hupata kichomi kila akivuta pumzi, na wakati mwingine maji hujaa kifuani. Mara chache, lakini kwa ukali mkubwa, lupasi husababisha damu kuvuja ndani ya mapafu. Wagonjwa wake wengine wana kingamwili zinazogandisha damu, na bonge la damu likitoka mguuni hadi mapafuni laweza kuua kwa saa chache. Ugonjwa wa Sjögren hukausha macho, kinywa na njia za hewa, ukaleta kikohozi kisichokoma. Magonjwa ya uvimbe wa misuli yana aina moja ya kutisha: misuli hubaki na nguvu karibu zote, ngozi ikawa na upele kwenye vifundo vya vidole na kope za macho, na mapafu yakaharibika katika wiki chache.

Kutokana na orodha hiyo msomaji ashike mambo mawili. Kwanza, dalili za nje ya kifua ndizo mara nyingi zinazotoa jina la ugonjwa wa ndani ya kifua. Pili, kuna magonjwa yanayotambaa kwa miaka na mengine yanayokimbia kwa siku, na mpango mmoja wa rufaa hauwezi kutosha yote.

Kilifi, malaria na kinga

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba magonjwa haya ni nadra Afrika. Wazo hilo lina historia inayoigusa Kilifi moja kwa moja. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa machache mno hospitalini alikokuwa, na akapendekeza kwamba huenda malaria, kwa kuishughulisha kinga tangu utotoni, inabadilisha mwenendo wake. Majaribio aliyoyafanya baadaye kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi yaliipa dhana hiyo nguvu.

Mwaka 2010 likaja fundo jingine. Watafiti wa Uingereza na wenzao, wakiwemo wanaofanya kazi na kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, walichapisha matokeo kuhusu jeni inayoitwa FCGR2B. Jeni hiyo hutengeneza protini inayozituliza seli za kinga. Kuna umbo lake moja ambalo protini yake haifanyi kazi vizuri. Watoto wa Kenya waliorithi umbo hilo kwa baba na kwa mama walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali, ilhali katika jamii nyingine umbo lilelile linahusishwa na hatari kubwa zaidi ya lupasi. Kwa maneno mengine, kinga kali iliyomsaidia mtoto asife kwa malaria yaweza kuwa ndiyo inayomgeukia akiwa mtu mzima.

Matokeo hayo yanapaswa kutufanya tuwe waangalifu na neno nadra. Ikiwa urithi unaoweza kuchangia magonjwa haya umehifadhiwa pwani na malaria yenyewe, basi hatuna sababu ya kudhani watu wa pwani wamesalimika. Uchache uliokuwa ukiripotiwa zamani ulitokana pia na uchache wa waliotafuta. Mgonjwa wa lupasi aliyefia kijijini na kuandikwa kuwa amekufa kwa TB au nimonia hakuingia katika hesabu ya mtu.

Historia ya malaria imetuachia pia dawa. Kenya iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, baada ya vimelea kuizoea, na wazee wengi wa pwani bado wanaikumbuka kwa mwasho wake. Haidroksiklorokwini, ndugu yake wa karibu, leo ni msingi wa matibabu ya lupasi duniani kote. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa hiyo na kusikia ni jamaa ya klorokwini anaweza kudhani anatibiwa malaria ambayo hana, akaiacha. Dakika mbili za maelezo zinatosha kumwondolea shaka hiyo.

TB, mwigaji na mshirika

Uhusiano wa TB na magonjwa haya una pande tatu, na kila upande una mtego wake.

Upande wa kwanza ni kufanana. Homa za jioni, kupungua uzito, jasho la usiku, kikohozi na maji kifuani ni dalili za TB, na pia ni dalili za lupasi. Mgonjwa ambaye makohozi hayakuonyesha kitu lakini eksirei ina kivuli anaweza kuanzishiwa dawa za TB za miezi 6 kwa uamuzi wa kitabibu. Uamuzi huo mara nyingi ni halali na huokoa maisha. Kosa ni kutoweka tarehe ya kuupima upya. Mtu asiye na uthibitisho wa maabara ambaye baada ya miezi 2 ya dawa, akizimeza ipasavyo, hajaongezeka uzito wala kupata nafuu ya pumzi anastahili kuulizwa upya tangu mwanzo. Je, ni TB sugu? Ni saratani? Ni moyo? Ni kinga yake mwenyewe?

Upande wa pili ni dawa. Isoniazidi, moja ya nguzo za matibabu na za kinga ya TB, inaweza kwa watu wachache kusababisha hali inayofanana na lupasi: viungo kuuma, homa, na kichomi cha utando wa mapafu. Haidralazini, inayotumika kwa shinikizo la damu, hasa kwa wajawazito, inaweza kufanya vivyo hivyo ikitumiwa kwa muda mrefu. Hali hiyo kwa kawaida hutulia dawa ikisimamishwa na daktari. Kwa hiyo orodha ya dawa zote anazotumia mtu, pamoja na za dukani na za miti shamba, ni sehemu ya uchunguzi kamili.

Upande wa tatu ndio mzito kuliko yote. Dawa zinazotuliza kinga huiamsha TB iliyolala. Mgonjwa wa lupasi anayepewa prednisoloni nyingi katika nchi yenye TB nyingi anaweza kupona kichomi na kufa kwa TB miezi sita baadaye. Kwa sababu hiyo swali la TB haliishi baada ya kipimo cha kwanza: huulizwa kabla ya kuanza dawa, na tena kila homa inaporudi. Pale ambapo TB hai imeondolewa shaka, daktari hupima haja ya kumpa mgonjwa dawa za kuzuia iliyolala isiamke.

Pwani ina mgeni mwingine anayesahaulika. Mnyoo uitwao Strongyloides huingia kwa kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye unyevu, na huweza kuishi ndani ya mtu kwa miongo kadhaa bila dalili kubwa. Mtu huyo akipewa steroidi kama prednisoloni, mnyoo huzaana kwa kasi na kuenea hadi mapafuni, na wengi hufa. Ivermektini huuzuia kwa gharama ndogo. Katika jamii ambayo watu wengi hutembea peku shambani na ufukweni, kufikiria mnyoo huo kabla ya steroidi za muda mrefu ni jambo la lazima.

Na moshi je, na vumbi la chumvi la mashamba ya Gongoni, Marereni na Ngomeni kwenyewe? Moshi wa kuni huharibu mapafu kweli, na huongeza ukali wa kila ugonjwa mwingine. Vumbi la chumvi huwasha koo na njia za hewa, lakini chumvi huyeyuka katika majimaji ya mwili. Haikai mapafuni miaka kama inavyokaa silika ya migodi na machimbo ya mawe, ambayo imehusishwa kwa muda mrefu na rumatoidi na skleroderma. Kwa hiyo mfanyakazi wa chumvi mwenye kikohozi kikavu na vidole vilivyovimba asiambiwe ni chumvi, basi. Maelezo yaliyo karibu ndiyo yanayofunika yaliyo mbali.

Macho, masikio, kisha mashine

Uchunguzi mzuri huanza mikononi. Je, ngozi ya vidole imekaza hata haikunjiki inapofinywa? Ncha za vidole zina vidonda vidogo au makovu? Vidole hubadilika rangi na kufa ganzi vikishika samaki wa barafu au maji baridi? Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi, na katika joto la pwani hutokea mara chache, hivyo ni lazima yaulizwe kwa maneno ya kazi ya mtu: "Mama, ukishika samaki wa kwenye barafu, vidole vinafanyaje?" Maswali mengine hayachukui muda. Asubuhi viungo vinaganda kwa zaidi ya saa moja? Kinywa ni kikavu hata ugali haumezeki bila maji? Nywele zinakatika, kuna upele usoni unaozidi juani, mimba zimeharibika mara kadhaa? Kuinuka kwenye kigoda kumekuwa kazi?

Kisha masikio. Mgonjwa akae wima, avute pumzi ndefu kwa mdomo, na stethoskopu iwekwe mgongoni, chini kabisa, kulia na kushoto. Katika kovu la mapafu, mwisho wa kuvuta pumzi husikika mlio mdogo wa kupasukapasuka. René Laennec, Mfaransa aliyevumbua stethoskopu mwaka 1816, alipotaka kuwaeleza wenzake mlio wa namna hiyo katika kitabu chake cha 1819, aliufananisha na chumvi inayopashwa moto chomboni. Mhudumu aliyekulia Ngomeni hahitaji mfano mwingine. Mlio huo ukisikika pande zote mbili, haubadiliki mgonjwa akikohoa, na miguu haijavimba wala moyo haujapanuka, ni ishara ya kutosha kumwandikia rufaa. Pumu hutoa mluzi wakati wa kutoa pumzi, na tofauti hiyo mtu huijua kwa kusikiliza wagonjwa wengi.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, yaani oksimita, kilienea wakati wa Uviko-19, na ni msaada mkubwa kikitumiwa kwa akili. Mgonjwa apimwe akiwa ameketi, kisha baada ya kutembea dakika chache, kwa kuwa mapafu yenye kovu hujificha mtu anapopumzika na kujifichua anapotembea. Lakini chombo hicho kina kasoro mbili. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba huwasomea wenye ngozi nyeusi oksijeni nyingi kuliko waliyo nayo mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, na kwa mwenye skleroderma, ambaye damu haifiki vizuri vidoleni, huweza kutoa namba isiyoaminika kabisa. Namba nzuri isimzuie mhudumu kuamini macho yake yanayoona mtu anatweta.

   Tukija kwenye picha, udhaifu wa eksirei katika ugonjwa huu unapaswa kujulikana. Inaonyesha vizuri TB iliyotoboa pafu, maji kifuani na moyo mkubwa. Kovu changa la mapafu huipita bila kuacha alama. Mwongozo wa vyama vya Marekani vya madaktari wa viungo na wa kifua, uliokamilishwa mwaka 2023, unashauri eksirei isitumiwe kuchuja ugonjwa huu kwa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia. Unashauri CT skeni ya vipande vyembamba pamoja na vipimo vya kupuliza vinavyoonyesha mapafu yanabeba hewa kiasi gani na yanapitisha gesi kiasi gani kwenda kwenye damu.

Mwongozo huo uliandikwa kwa nchi yenye CT kila mji. Mgonjwa wa Ngomeni hutoka kwa bodaboda hadi Gongoni, kisha matatu hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120 nyingine. Je, tuutupe? La. Tuusome kwa kugeuza swali. Vipimo vinyonge vilivyopo, yaani stethoskopu, kutembea na oksimita, na eksirei, havitoshi kumwambia mtu kwamba hana ugonjwa. Vinatosha kumwambia mwingine kwamba anao, au kwamba ana kila sababu ya kupelekwa mbele. Vikitoa dalili, vifuatwe. Vikinyamaza kwa mtu mwenye hatari kubwa, kama mwenye skleroderma, visiaminiwe.

Vipimo vya damu navyo vina mipaka. Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya seli za mwili wenyewe, kikiwa chanya peke yake hakithibitishi lupasi. Watu wenye afya njema huweza kuwa nacho, na maambukizi ya muda mrefu, malaria na TB zikiwemo, huweza kukigeuza. Kuagiza ANA kwa kila anayeumwa mwili ni kununua mkanganyiko kwa bei kubwa. Fedha hiyo ina kazi bora kwa mgonjwa ambaye mikono, ngozi na kifua vimekwisha kusema jambo. Kipimo cha mkojo, kilicho rahisi kuliko vyote, ndicho kinachosahaulika, ilhali damu au protini kwenye mkojo wa mtu anayekohoa damu huelekeza moja kwa moja kwenye lupasi au uvimbe wa mishipa ya damu.

Dawa, na mizani yake

Swali la kwanza la matibabu ni kama yanahitajika sasa. Kovu dogo lisilosonga laweza kufuatiliwa tu, kwa vipimo vya kupuliza kila miezi michache mwanzoni. Ugonjwa unaosonga, au unaokula sehemu kubwa ya pafu, hutibiwa kabla haujageuka kovu tupu.

Kwa wengi dawa inayopendekezwa mbele ni maikofenoleti. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016 liliilinganisha na saiklofosfamidi kwa wagonjwa wa mapafu ya skleroderma. Zote mbili zilisaidia kwa kiwango cha karibu sawa, na maikofenoleti ikavumiliwa vizuri zaidi. Azathioprini ni nafuu na inapatikana kwa wingi zaidi. Rituksimabu na tosilizumabu zina nafasi kwa baadhi ya wagonjwa. Nintedanibu, inayopunguza kasi ya kovu, ilikubaliwa Marekani kwa ajili ya skleroderma mwaka 2019, lakini bei yake inaiweka mbali na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Kwa mpangaji wa huduma, hatua yenye faida kwa wengi ni kuhakikisha azathioprini, maikofenoleti na haidroksiklorokwini hazikosekani katika hospitali za rufaa, kabla ya kufikiria za bei ya juu.

Methotreksati inahitaji neno lake. Ni dawa nzuri ya rumatoidi na ni ya bei nafuu, lakini hofu kwamba huleta kovu la mapafu imewafanya wengine waiache. Inaweza, kwa nadra, kusababisha uvimbe mkali wa mapafu, hasa katika mwaka wa kwanza, na mtu mwenye homa na kikohozi kipya akiwa kwenye dawa hiyo amwone daktari upesi. Ushahidi wa miaka ya karibuni hauungi mkono dhana kwamba ndiyo inayoleta kovu la muda mrefu. Kuacha viungo viharibike kwa hofu ya jambo lisilothibitishwa ni hasara nyingine.

Prednisoloni ni upanga unaokata pande zote. Katika lupasi inayovuja damu mapafuni, dozi kubwa hospitalini huokoa maisha. Katika mapafu ya skleroderma mwongozo wa 2023 unaikataa kama tiba ya kwanza, kwani dozi kubwa zinaweza kuchochea figo kufa ghafla. Hatari ya kila siku huku kwetu ni kwamba hununuliwa dukani bila cheti, hutoa nafuu ya viungo ndani ya siku mbili, na mtu akajitibu nayo kwa miaka. Sukari hupanda, mifupa hudhoofika, TB huamka. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla, maana tezi zilizolala kwa sababu yake huhitaji muda kuamka. Hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya daktari.

Wagonjwa wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na jambo hili haliwezi kuachwa pembeni. Maikofenoleti na methotreksati huharibu mimba, na saiklofosfamidi inaweza kuondoa uzazi. Azathioprini na haidroksiklorokwini zinaweza kuendelea wakati wa ujauzito. Mke, na mume akiwepo, waelezwe hayo kabla ya kidonge cha kwanza, pamoja na njia ya kupanga uzazi inayofaa. Mwenye kingamwili za kugandisha damu asipewe vidonge vyenye estrojeni.

Nani apelekwe kwanza

Mabingwa wa magonjwa ya viungo nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, lakini kadi ya bima haipunguzi kilomita. Kwa hiyo ni lazima kuchagua, na uchaguzi wa haki ni ule unaotangazwa wazi.

Wa siku hiyohiyo ni anayekohoa damu huku uso umepauka, mwenye kichomi cha ghafla na mguu mmoja uliovimba, na ambaye pumzi yake imeharibika katika siku chache akiwa na upele au udhaifu wa misuli. Hao ni wa gari la wagonjwa, si wa kuandikiwa tarehe. Wa wiki chache ni kila mwenye ngozi iliyokaza, hata akidai kifua kiko sawa, kila mwenye viungo vilivyovimba na mlio wa mapafu, na kila ambaye oksijeni yake inashuka akitembea. Wa kufuatiliwa karibu na nyumbani ni wenye rumatoidi au lupasi iliyotulia na kifua safi. Hawa waulizwe kuhusu pumzi kila wanapokuja kuchukua dawa, wapate chanjo zinazopatikana dhidi ya nimonia na mafua, na waondolewe moshi jikoni kwa kadiri inavyowezekana.

Je, haya yote yataongeza mzigo kwa zahanati zilizokwisha lemewa? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mzigo huo upo tayari, umegawanywa vipande. Mgonjwa asiyejulikana ugonjwa wake huja mara kumi: mara ya antibiotiki, mara ya dawa ya pumu isiyofanya kazi, mara ya TB ya kudhaniwa. Maswali machache kuhusu viungo na ngozi, yakiulizwa mara moja, ni mepesi kuliko safari hizo.

Na mahali pa kuyauliza pamekwisha tayarishwa. Mpango wa TB wa Kenya una madaftari, una watu wanaofuatilia wagonjwa majumbani, na una nidhamu ambayo magonjwa ya viungo hayajawahi kuipata. Kaunti ya Kilifi inaweza kuitumia nidhamu hiyo kwa kuongeza safu moja: kila mtu mzima ambaye kipimo cha makohozi kimerudi bila TB, na kila aliyeanzishiwa dawa bila uthibitisho, aandikwe kama viungo vyake na ngozi yake vimeangaliwa, na nini kilionekana. Baada ya mwaka mmoja kaunti itakuwa na hesabu ambayo sasa haina, na itajua kama inahitaji kliniki ya pamoja ya kifua na viungo Malindi mara moja kwa mwezi au zaidi. Bila safu hiyo tutaendelea kusema magonjwa haya ni nadra pwani, huku tukiwa hatujawahi kuyahesabu.